Je, Wajua? Wimbo Hauna Uzito Kichwani

Ipole ni njia panda. Ukitoka Tabora mjini ukaiacha Sikonge nyuma, barabara inagawanyika hapa. Moja inakwenda Koga na Mpanda, nyingine inaingia porini kuelekea Rungwa, Chunya hadi Mbeya. Watu wa njia panda wana kazi moja wasiyolipwa, nayo ni kusubiri. Basi halijafika, lori la asali halijajaa, mgeni amesema yuko njiani tangu asubuhi. Anayesubiri hutafuta cha kumpunguzia muda. Chini ya mwembe kuna bao, pembeni yake drafti ya vizibo vya soda, na kijana wa bodaboda amefunga spika ndogo kwenye usukani. Anapiga nyimbo za asili za Kisukuma, anazikatiza na Bongo Fleva, kisha bila kumwonea mtu haya anaweka muziki wa dansi wa zamani.

"Huu wa babu zako umeujulia wapi?" nikamuuliza.

"Nimejaziwa kwenye simu, kaka. Fundi aliniwekea zote kwa pamoja, mimi nikazipenda hizi."

Jibu hilo nilikaa nalo siku nzima. Mtu humwuliza mwenzake anapenda wimbo gani, mchezo gani, filamu gani, lakini ni nadra kumwuliza vitu hivyo vilimfikia vipi. Huku Unyamwezi, kwenye njia ya kale ya misafara, swali hilo lina majibu mengi. Haya hapa machache, na mengine yanachekesha.

Je, wajua kwamba msafara ulitembea na muziki wake?

Karne ya 19 mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, pembe ya ndovu au jora la kitambaa, kutoka bara hadi pwani na kurudi. Mbele yake alikwenda kirangozi, kiongozi wa njia, akiwa na bendera na kilemba cha manyoya. Ngoma ililia. Lilipulizwa pia barghumu, baragumu la pembe ya tandala. Msafara mrefu ulijinyoosha porini hadi wa mwisho asimwone wa kwanza, hivyo ngoma, baragumu na nyimbo ndivyo vilivyowaambia wa nyuma kwamba wenzao wameondoka, wamesimama au wamefika kambini.

Nyimbo zenyewe hazikuwa za adabu kila mara. Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia hii mwaka 1857, ametuachia habari kwamba wapagazi wake walimtungia wimbo. Maana yake ilikuwa kwamba huyu mzungu ni mbaya, ila tutamfuata maadamu anatulisha vizuri. Mtu anayeimba hivyo huku kilo 30 zimemkalia begani, na bosi wake yuko hatua chache tu kutoka hapo, ni msanii aliyekomaa.

Misafara mingi ilishika njia ya kaskazini ya hapa tulipo. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya kwenda Ujiji kwa vita vyake na Waarabu wa Unyanyembe, Henry Morton Stanley alilazimika kuzunguka kwa kusini, kwenye mapori ya upande huu, ili amfikie Dk. Livingstone. Kwa hiyo hata pori hili limeonja baragumu.

Je, wajua kwamba bao lilihesabiwa miongoni mwa anasa za hatari?

Burton huyo huyo aliandika kwamba Wanyamwezi walipenda sana kamari. Mchezo waliouendea mbio ulikuwa wa kurusha kijiwe bapa, kipande cha bati au kitako cha kikombe kilichovunjika, na kubashiri kitaanguka upande gani. Waliokwisha kuzoeana na watu wa pwani, anasema, walikuwa wamejifunza bao, ule ubao mnene uliochimbwa mashimo. Kisha anatia chumvi iliyokolea: wapo waliocheza hadi mali ikaisha, wakamweka rehani mama mzee kwa thamani ya ng'ombe mmoja au mbuzi wawili, na wengine wakaishia utumwani.

Burton hakuwa na staha kwa watu aliowaandika, kwa hiyo habari ya mama mzee naichukua kwa tahadhari. Lakini jambo moja limo humo bila yeye kukusudia. Kufikia 1857 bao lilikwisha kuchezwa huku, zaidi ya kilometa 700 kutoka baharini, na lililetwa na watu waliokuwa na mizigo mingine ya kubeba.

Mwembeni Ipole nilimwona mzee mmoja akipanga bao la Kiswahili. Safu nne, kila safu mashimo manane, kete 64 kwa jumla, 32 kwa kila mchezaji. Kete zilikuwa za kweli, kokwa za mkomwe za rangi ya kijivu, zimesuguliwa na vidole vya miaka hadi zinang'aa. Aliweka sita kwenye nyumba, lile shimo la mraba, mbili kwenye shimo lililofuata na mbili tena kando yake. Zilizobaki 22 alizifumba kiganjani. Hizo ndizo za kunamua: unaziingiza moja moja, na ingizo moja likikutana na kete za mwenzako unazila na kuzitembeza kuanzia kichwani. Kiganja kikiisha, mnaingia kwenye mtaji, na hapo ndipo watazamaji huanza kuwa wengi kuliko wachezaji.

"Mzee, hesabu yote hiyo unaiweka wapi?"

"Siiweki, kijana wangu. Naisikia. Kete zikianguka najua zimebaki ngapi."

Nilidhani ananitania. Lakini mtafiti Mholanzi, Alexander de Voogt, alikaa na mafundi wa bao wa Zanzibar na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima juu ya ukomo wa akili ya binadamu, kwa sababu tu aliona watu wakitembeza kete mizunguko kadhaa kichwani kabla ya kugusa ubao.

Je, wajua kwamba mcheza bao mmoja wa Tabora alimtia Shakespeare kwenye Kiswahili?

Julius Nyerere alisoma sekondari Tabora, akaenda Makerere, akarudi Tabora kufundisha katika Shule ya St. Mary's kuanzia 1946 hadi alipoondoka kwenda Edinburgh mwaka 1949. Mapenzi yake kwa bao yanajulikana, hata katika uzee wake Butiama. Hobi yake ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 1963, akiwa Rais, ilitoka tafsiri yake ya *Julius Caesar*, aliyoirekebisha ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Mwaka huo huo ikafuata *Mabepari wa Venisi*. Wengine wakichoka na ofisi hulala. Yeye alikuwa akitafuta neno la Kiswahili litakalotosha mdomoni mwa Shailoki, mkopeshaji wa mchezo huo.

Je, wajua kwamba sauti za Wanyamwezi zilinaswa kwenye nta zaidi ya miaka mia iliyopita?

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka kusini mwa Tanganyika, Lindi, Masasi na Newala, akiwa na vyombo viwili vilivyowashangaza watu. Kimoja kilikuwa fonografu ya kunasa sauti, na kingine kamera ya picha zinazotembea. Ngoma za kule ndizo miongoni mwa picha za sinema za mwanzo kabisa kuchukuliwa katika nchi yetu.

Wapagazi wake walikuwa Wanyamwezi, watu wa huku, waliokwenda mbali na kwao kwa ajili ya ujira. Kiongozi wao anaitwa Pesa Mbili katika kitabu cha Weule. Alikuwa mwimbaji, na Weule alizinasa na kuziandika nyimbo za vijana wale. Nawaza tukio lenyewe: watu wameshusha mizigo, jioni imeingia, na mtu anawaambia waimbie ndani ya pembe ya bati. Wanaimba. Kisha mashine inageuzwa, na sauti ya Pesa Mbili inatoka kwenye bati wakati yeye mwenyewe amenyamaza anasikiliza.

Fonografu ya siku zile iliandika sauti kwa sindano juu ya silinda laini iliyoitwa ya nta. Haikuwa nta ya nyuki tupu, viwanda vilichanganya vitu vyao. Hata hivyo mtu wa Ipole, anayejua nta kwa harufu na kwa bei, hawezi kuipita habari hii bila kutabasamu. Mjini Berlin kulikuwa na hazina ya silinda hizo iliyoanzishwa mwaka 1900, na mwaka 1909 msimamizi wake, Erich von Hornbostel, alichapisha uchunguzi mrefu wa nyimbo za Wanyamwezi, noti kwa noti. Mwaka 1999 UNESCO iliiingiza hazina hiyo kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia.

Je, wajua kwamba meli ya filamu maarufu ilipita Tabora ikiwa ndani ya makasha?

Mwaka 1913, huko Papenburg, Ujerumani, ilijengwa meli ya Graf von Goetzen. Ilipokwisha ilifunguliwa tena vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari. Kutoka hapo ilipanda Reli ya Kati. Reli ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo meli nzima ilipita stesheni ya Tabora bila kugusa maji, kama mzigo wowote wa msafara. Ilishushwa Ziwa Tanganyika Februari 1915.

Mwaka uliofuata mafundi wake Wajerumani waliipaka mitambo grisi nzito, kisha wakaizamisha makusudi isichukuliwe na adui. Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Vita vya ziwa lile vilimpa mwandishi C. S. Forester wazo la riwaya, na riwaya ikazaa filamu ya John Huston, *The African Queen*, ya mwaka 1951. Humphrey Bogart alipata Oscar kwa kuigiza ndani yake. Sehemu ya filamu ilipigwa Kongo na Uganda. Mle ndani meli ya Wajerumani inaitwa Louisa, na mwishoni inalipuka na kuzama kabisa. Ile ya kweli ilikuwa na akili zaidi, ilizama ikiwa imepakwa mafuta.

Je, wajua kwamba Tabora ya sinema haikuwa Tabora?

Safari ya Burton na mwenzake Speke, ambayo sehemu yake kubwa ni njia hii yetu, ilitengenezewa filamu ya *Mountains of the Moon* mwaka 1990. Upande wa Afrika wa filamu hiyo ulipigwa Kenya. Ukiitazama ukiwa mtu wa miombo utaona haraka kwamba miti si yenyewe. Tusonge mbele.

Je, wajua kwamba Tabora ilikuwa na bendi za "jazz" zisizopiga jazi?

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo mapenzi yangu yalipo.

Katika miaka ya 1950 Tabora ilikuwa na Kiko Kids Jazz ya Salum Zahoro. Baadaye zikatamba Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, ile ya Shem Karenga. Watu wa Nzega nao walikuwa na mtu wao Dar es Salaam, Iddi Nhende, aliyeanzisha Western Jazz mwaka 1959. Jina la Western lilitokana na Jimbo la Magharibi alikotoka. Neno "jazz" lilimaanisha tu kwamba hawa wana magitaa na wanavaa vizuri. Muziki wenyewe ulikuwa na rumba ya Kuba iliyokuja kwa santuri, Kongo iliyokuja kwa redio, na mdundo wa ngoma za nyumbani ambao hakuna aliyehitaji kuuleta.

Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina, kama timu inavyokuwa na jezi. Western Jazz walikuwa na Saboso. Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuja na Msondo, na mtindo huo ulikua hadi ukawa jina la bendi yenyewe. Shabiki hakusema anapenda muziki. Alisema mimi ni wa Saboso, na ugomvi ukaanzia hapo.

Ukinibana nitaje changu, nitasema Segere. Gitaa la rhythm la watu wale lina mwendo wa mtu mwenye safari ndefu. Halikimbii, halichoki, na katikati ya wimbo linabadili bega kama mpagazi anayehamisha mzigo. Sijawahi kusoma mahali kwamba walijifunza kutoka kwa wapagazi. Ni sikio langu tu.

Njia ya misafara iliendelea hadi Kongo, na muziki nao ukaifuata. Remmy Ongala, aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1978 na kuimbia Orchestra Makassy kabla ya kutamba na bendi yake mwenyewe, alizaliwa Kindu, ukingoni mwa mto Lualaba, katika nchi ya Manyema. Hadi huko misafara ya Tabora ilifika, na Kiswahili kilichofika nayo kimebaki.

Je, wajua kwamba kutafsiri filamu kwa sauti si jambo la juzi?

Kila aliyewahi kukaa kwenye kibanda umiza anaijua sauti ile. Mwigizaji wa Hong Kong anafungua kinywa, anayesikika ni Mswahili. Anaeleza, anatania, anamwonya adui asigeuke nyuma, na mara nyingine anamwita shujaa kwa jina la mtaa. Kwa Tanzania jina lililotangulia mengi katika kazi hiyo ni Lufufu, kapteni wa zamani wa jeshi, aliyefanya sauti yake iwe sababu ya watu kukodi mkanda.

Lakini kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza filamu za mafunzo, uliokuwa na makao Vugiri, milima ya Usambara. Sauti haikuwekwa kwenye mkanda wa filamu. Iliwekwa kwenye sahani za santuri, ili picha ile ile iweze kusemwa kwa lugha mbalimbali kadiri lori la sinema lilivyohama kutoka wilaya hadi wilaya. Tofauti ni moja tu: filamu za Vugiri zilihubiri minyoo, kodi na akiba ya posta, na Lufufu alitafsiri watu wanaopigana. Nani alipendwa zaidi, huhitaji kuambiwa.

Je, wajua kwamba tarehe 7 Novemba ni siku ya Tabora mara mbili?

Tarehe 7 Novemba 1857, Burton na Speke waliingia Kazeh, Tabora ya leo, baada ya siku 134 tangu waondoke pwani. Tarehe 7 Novemba 2024, timu iliyoitwa wakati huo Tabora United, yenye jina la utani la Nyuki wa Tabora, ilikuwa upande wa pili wa njia, Chamazi, Dar es Salaam, na ikaifunga Yanga mabao 3–1. Wa kwanza walifika wakiwa hoi kwa homa. Wa pili waliondoka na pointi tatu. Jina la nyuki si la kubuni: mkoa huu unajulikana kwa asali, na hapa Ipole mizinga ya magome inaning'inia kwenye miyombo na mitundu kama mabegi ya wasafiri waliopitiwa na usingizi.

Je, wajua kwamba hata ndege ana wimbo anaoupenda?

Mrina asali anamjua mlembe, ndege mdogo anayemwita mtu, akaruka mti hadi mti mpaka kwenye kundi la nyuki. Mtu anatwaa asali, ndege anajipatia nta. Mwaka 2023 jarida la *Science* lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa mahali pawili. Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania humwita mlembe kwa mluzi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa sauti ya kutetemesha ulimi inayomalizikia kwa mguno. Watafiti walipiga sauti zote mbili kila mahali. Kwa Wahadza, mlembe aliitika mluzi wa kwao zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya Kiyao, na kule Niassa mapenzi yakageuka upande wa pili.

Nilimsimulia mzee wa bao. Hakushangaa. "Ndege wa hapa ukimpigia mluzi wa kwenu," alisema akitupa kete, "anakutazama tu."

Saa kumi hivi basi la Mpanda lilisikika kabla halijaonekana. Siku hizi mabasi yana honi za muziki, na dereva aliianza yake mbali kabisa, kwenye kona, ili waliokaa wasimame, waliolala waamke na mama wa karanga awahi dirishani. Kijana wa bodaboda alizima spika yake kwa heshima. Kisha akaninyooshea simu: "Kaka, washa yako nikurushie zile za dansi, usije ukasahau." Nikawasha. Zilikuwa bado zinaingia nilipopanda ngazi ya basi. Chini ya mwembe mzee alikuwa amebakiwa na kete nne kiganjani, na hakuna aliyegeuka kutazama nani anaondoka.